Umegonga gari lililoegeshwa na mwenyewe hayupo

Unatoka dukani, unarudi rivasi huku macho yakiwa kwa bodaboda anayepita kulia, mara unasikia "kraa". Nyuma kuna Toyota IST imeegeshwa, bampa limebonyea na taa moja imepasuka. Ndani hakuna mtu. Unatazama kushoto, unatazama kulia, hakuna aliyepiga kelele. Sekunde hizo chache ndizo ninazotaka kuzizungumzia, maana sisi wa dawati la madai ya bima hukutana na matokeo yake baadaye, yakiwa yamekua.

Nianze na bei. Bampa na taa ya gari dogo ni kazi ya fundi wa kunyoosha bodi na fundi rangi, siku mbili tatu imekwisha. Anayeondoka kimyakimya hapunguzi hata shilingi ya gharama hiyo. Anaongeza kosa juu yake, kwa sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, inamtaka dereva aliyehusika kwenye ajali asimame, atoe taarifa zake na aripoti polisi. Wajibu huo hauondoki eti kwa kuwa mwenye gari yuko sokoni. Kugonga kwa bahati mbaya huishia mara nyingi kwa maelewano. Kukimbia kunakufungulia shitaka jingine. Halafu tuambiane ukweli: maduka yana kamera, wakusanya ushuru wa maegesho wanapita na mashine wakirekodi namba za magari, na mama lishe wa ng'ambo ya barabara alishaisoma namba yako kabla hujashuka.

Kwa hiyo shuka. Chungulia kwanza ndani ya hilo gari. Usiseme halina mtu mpaka umeona viti vya nyuma, maana dereva huweza kuwa amelala, au mtoto ameachwa humo. Kukiwa na aliyeumia, habari ya bampa inakwisha hapo: ni hospitali, polisi na fomu ya PF 3, ile ambayo polisi hutoa kwa ajili ya matibabu. Hakuna aliyeumia? Endelea.

Piga picha kabla hujasogeza gari hata hatua moja. Watu wengi hupiga picha ya pale palipobonyea tu, na picha hiyo peke yake haitusaidii sana. Simama mbali, yaonekane magari yote mawili, ukingo wa barabara, kibao cha maegesho kama kipo, na namba za usajili. Halafu sogea karibu. Piga pia mikwaruzo na kutu ya zamani ya gari ulilogonga, kwani yapo madai yanayofika mezani bampa la nyuma limeshazaa mlango wa mbele na saiti mira. Wenye magari wengi hapa kwetu huchonga namba ya usajili kwenye vioo na taa kwa kuhofia wezi. Kama taa iliyopasuka ina namba ya gari jingine, picha yako itaonyesha.

Na kama gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa vibaya, kwenye kona au kuziba nusu ya njia? Piga picha ya hilo pia. Linaweza kubadilisha mgawanyo wa lawama, lakini halikupi ruhusa ya kuondoka.

Sasa mtafute mwenyewe. Muulize mlinzi, muuza duka, vijana wa kijiwe cha bodaboda. Angalia kwenye dashibodi, kuna madereva wanaoacha namba ya simu. Kama ni ukumbini, mwone MC. Sote tumeshasikia sherehe ikikatizwa na "mwenye gari namba T kadha wa kadha anahitajika nje", na hakuna aliyekufa kwa aibu.

Asipopatikana, andika karatasi. Jina lako, simu yako, namba ya gari lako, tarehe, saa, na maneno machache: "Nimegusa gari lako wakati narudi nyuma, tafadhali nipigie." Iweke chini ya waipa, na kama ni masika itie kwanza ndani ya mfuko wa nailoni. Ipige picha ikiwa pale pale kiooni, namba ya gari ikionekana. Mwachie namba yako ya simu shahidi mmoja pia, maana karatasi hupeperuka.

Angalia sana usichoandika. Usiandike "kosa ni langu, nitalipa kila kitu." Simaanishi udanganye. Mikataba ya bima kwa kawaida ina sharti kwamba usikubali dhima wala kuahidi malipo bila ridhaa ya kampuni, na nimeona madai yakikwama kwa sababu ya sentensi moja iliyoandikwa kwa wema. Eleza kilichotokea, nani anamlipa nani litajulikana baadaye.

Kisha nenda kituo cha polisi, kitengo cha usalama barabarani, siku hiyo hiyo. Utaeleza, utaandikiwa, utapewa namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Itunze. Bila taarifa ya polisi, madai ya bima hayatembei. Kama watu wamekuzunguka na hali inaanza kuchafuka, usibaki kubishana: ondoka uende kituo kilicho karibu moja kwa moja, au piga namba ya dharura, 112. Kwenda polisi si kukimbia, mradi ufike kweli.

Hapa ndipo maswali mengi hutuangukia. Je, bima ndogo, ile ya kuwalinda watu wengine tu, inalipa bampa la mwenzangu? Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakulazimisha kuwa na kinga dhidi ya kifo na majeraha ya watu wengine. Mali ya wengine inaingia kupitia masharti ya mkataba wako. Mikataba mingi ya bima ndogo huiongeza hadi kiwango fulani, nacho kimeandikwa kwenye ile karatasi uliyoikunja ukaitupa kwenye droo ya gari. Isome leo. Gari lako mwenyewe bima ndogo hailitengenezi. Hiyo ni kazi ya bima kubwa, inayolinda na gari lako. Na kabla ya yote, hakikisha hiyo bima ipo. Stika siku hizi ni ya kielektroniki, na unaweza kuihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini. Wapo waliogundua kuwa wakala alikula fedha zao siku walipogonga.

Mikataba mingi pia inakutaka uchangie kiasi fulani kabla sisi hatujatoa senti. Tuseme mchango wako ni Sh 150,000 na fundi anataka Sh 180,000. Utajaza fomu, utasubiri mtathmini, na mwakani huenda ukapoteza punguzo la kutodai, lile analopewa asiyedai, yote kwa ajili ya Sh 30,000. Katika hali hiyo lipa mwenyewe. Mabosi wangu wakisoma hapa watakunja uso, ila ndiyo hesabu. Tupe taarifa hata hivyo, na utusikie kabla hujatoa fedha, kwa sababu mwenzako anaweza kurudi wiki ijayo na dai jingine.

Mkielewana mlipane, andikeni. Namba za magari yote mawili, sehemu iliyoharibika, kiasi, na kwamba ni malipo ya mwisho kwa uharibifu huo. Saini zenu na za shahidi. Kama ni mtaani, mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafaa. Lipa kwa simu ili muamala ubaki. Kama unataka bima ilipe, gari lolote kati ya hayo mawili lisiguswe na fundi kabla mtathmini hajaliona.

Ukikuta gari ulilogonga lina namba za STL, STK au DFP, yaani la serikali au la mradi wa wafadhili, sahau mapatano ya pembeni. Dereva yule hana mamlaka ya kupokea fedha ya gari lisilo lake, na atahitaji taarifa ya polisi kuliko wewe. Gari la kampuni ni hivyo hivyo. Na kama unaendesha gari la mtu, mpigie tajiri yako ukiwa bado eneo la tukio, asije akapigiwa yeye kwanza.

Siku zikipita bila simu, usiipige chini ile namba ya RB wala kufuta picha. Mwenye gari anaweza kuwa safarini, gari likiwa limeachwa kwa shemeji.