Posa si ndoa: kuhusu lizi ya flati yako Uingereza

Jana jioni simu nyingine, ya nne mwezi huu. "Wakili, si ile thamani ya ndoa walishaifuta? Basi mimi nasubiri." Anataka kurefusha lizi ya flati yake, yaani mkataba unaompa flati kwa miaka maalumu huku ardhi ikibaki ya mwingine; na thamani ya ndoa ni nyongeza inayoweza kuingia kwenye bei ya kurefusha. Nikamuuliza dada yangu huyo lizi yake imebakiza miaka mingapi. "Mingi tu, kama mia na kumi." Nikafungua rekodi ya hati: themanini na moja.

Nianze na hilo la pili, maana ndilo linaloninyima usingizi. Miaka ya lizi haihesabiwi tangu ulipokabidhiwa funguo. Inahesabiwa tangu tarehe iliyoandikwa ndani ya lizi yenyewe, ambayo huenda iliwekwa wewe ukiwa bado chekechea Tanga. Lizi ya miaka 125 iliyoanza 24 Juni 1982 itagusa miaka 80 tarehe 24 Juni 2027, hata kama wewe ulinunua 2011 na ukachinja mbuzi.

Kwa nini nang'ang'ania 80? Sheria ya mwaka 1993 inakupa haki ya kuongezewa miaka 90 juu ya iliyobaki, na kodi ya ardhi ishuke hadi punje ya pilipili manga. (Ndivyo inavyosema. Hapana, hakuna anayekuja kuichukua.) Siku ya kutoa notisi ya kudai nyongeza hiyo, lizi ikiwa imebakiza zaidi ya miaka 80, unamfidia mwenye ardhi anachopoteza tu. Ikiwa imebakiza 80 kamili au pungufu, inaingia thamani ya ndoa: haki yako na yake zikiungana, flati inapanda bei, na ile faida mnagawana nusu kwa nusu. Mahari unatoa wewe, na pilau huli.

Chukua flati ya pauni 300,000 ikiwa na lizi ndefu. Kwa lizi ya miaka 79, tuseme ina thamani ya 276,000. Kodi ya ardhi ikiwa ndogo, hasara ya mwenye ardhi ni kama 7,700. Tofauti ya bei ni 24,000. Toa 7,700, inabaki 16,300, na nusu yake ni 8,150. Bei imezidi mara mbili kwa sababu ya kuchelewa mwaka mmoja hivi.

Sasa hiyo "walishaifuta". Sheria mpya ya lizi iliidhinishwa na Mfalme 24 Mei 2024. Ndani yake mna nyongeza ya miaka 990 na kufutwa kwa thamani ya ndoa, kweli kabisa. Lakini vifungu hivyo havianzi kazi mpaka serikali itoe kanuni za kuvianzisha, na ninapoandika haya bado. Kilichoanza, tangu 31 Januari 2025, ni kwamba huhitaji tena kumiliki flati miaka miwili kabla ya kudai. Basi. Posa imepelekwa, nikaha haijafungwa, na nyinyi mnaulizana ukumbi.

Mwenye lizi ya miaka 81 namwambia bila kumung'unya: toa notisi sasa. Mwenye 74 ananitoa jasho. Mstari ameshauvuka, na kusubiri huenda kukamwokolea pesa nyingi. Lakini sheria hiyohiyo inampa waziri mamlaka ya kupanga viwango vya kupigia hesabu, kikiwemo kile kinachopunguza thamani ya flati kwa kuwa mwenye ardhi ataipata miaka mingi baadaye; kwa flati tumezoea asilimia 5 tangu kesi ya Sportelli iliyokiweka kiwango hicho. Akikiteremsha, fidia ya mwenye ardhi inapanda. Hapo nashauri huku nikikuna kichwa, na wakili asiyejikuna mwogopeni.

Hata ile 276,000 ni ya kufikirika: bei ya flati katika dunia ambayo haki ya kuongeza lizi haipo. Nani amewahi kuuza huko? Nimeona wathamini wawili, kila mmoja na grafu yake, wakipishana maelfu kwa flati moja.

Mengine kwa haraka. Mwenye ardhi hupewa miezi miwili au zaidi kujibu notisi. Msipoafikiana bei, peleka shauri kwenye baraza linaloamua migogoro hii (tribunal) ndani ya miezi sita tangu ajibu. Ukichelewa notisi inakufa. Gharama za wakili wake na mthamini wake, zikiwa za kiasi, kwa sasa unalipa wewe. Naam, najua.

Dada wa jana ataniletea makaratasi Jumatatu. Nimemsihi alete nakala ya lizi, siyo barua ya benki ya mwaka alionunua.