Kabla Nyumba ya Kwanza Haijakununulia ya Pili

Wenye nyumba za kupangisha hufika kwenye meza yetu ya mikopo na swali lilelile: "Nyumba yangu imepanda thamani. Inaweza kuninunulia nyingine?" Inaweza. Ila kuna hesabu moja ambayo wengi huiruka, na nimeshika kalamu kwa ajili ya hesabu hiyo.

Tuanze na mtaji uliomo ndani ya nyumba. Chukua bei yake ya soko leo, toa deni lililobaki. Nyumba ya milioni 100 yenye deni la milioni 50 ina mtaji wa milioni 50. Mtaji huo hukua deni linapopungua au bei inapopanda, na mwanzoni deni hupungua polepole mno. Mkopo wa milioni 80 wa miaka 15, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka inayotozwa kwenye salio, hudai takriban 960,000 kila mwezi. Katika rejesho la kwanza, 800,000 ni riba tupu. Deni lenyewe hupungua kwa 160,000 tu.

Wala hutautoa mtaji wote. Wakopeshaji wengi hawaruhusu deni lizidi asilimia 80 ya thamani, wengine chini ya hapo, na thamani wanayoitazama ni ya mthamini, si ile aliyouzia jirani. Kwa nyumba yetu, asilimia 80 ni milioni 80. Ukitoa deni la milioni 50, unaweza kuchukua milioni 30. Njia ziko kadhaa: kufuta mkopo wa zamani kwa mpya ulio mkubwa zaidi, kuchukua mkopo wa pili juu ya nyumba ileile, au kufunguliwa kiwango cha kuchota kidogokidogo, ukilipia riba ya ulichochota tu. Kama mkopo wako wa zamani una riba nafuu, usiufute kwa pupa. Utakuwa umehamishia milioni 50 nzima kwenye riba ya leo kwa sababu ya kutafuta milioni 30.

Sasa hesabu yenyewe. Umepata nyumba ya pili ya milioni 100. Unatanguliza milioni 20 kutoka zile 30, nyingine zinaishia kwenye ada, uhamisho wa hati na matengenezo, na milioni 80 unakopa. Wengi husema: rejesho ni 960,000, pango litanibakizia 1,000,000 baada ya gharama, basi nyumba inajilipa.

Haijilipi. Zile milioni 30 nazo ni deni. Kwa riba na muda uleule zinadai 360,000 kila mwezi. Nyumba hii imekuja na deni la milioni 110, na rejesho lake la kweli ni 1,320,000. Kila mwezi kuna pengo la 320,000, na nyumba ya kwanza ndiyo inayoliziba kimyakimya. Siku mpangaji wa nyumba ya kwanza akihama, zote mbili zinayumba. Riba ikipanda hadi asilimia 15, rejesho hilo linakaribia 1,540,000.

Mkopeshaji makini hutaka pango, baada ya gharama zote, lizidi rejesho kwa robo hivi. Mwenyewe weka kipimo hichohicho hata kama hakuna anayekudai ukifikie. Na unaposema gharama, hesabu miezi ya nyumba kukaa tupu, ukarabati, bima, kodi za serikali na wakala. Naomba sana usizikadirie kwa matumaini; pitia daftari la nyumba uliyonayo, ndilo linaloijua kweli.

Hesabu ikikataa, bado hujakwama. Subiri miaka miwili huku ukipunguza deni. Tafuta nyumba ndogo zaidi. Au nunua iliyochakaa kwa bei ya chini, uikarabati, pango lipande, kisha ithaminiwe upya. Njia hii ya mwisho ndiyo ninayoipenda, kwa kuwa ongezeko la thamani linatokana na kazi yako kuliko kungojea soko. Soko hugeuka: baada ya bei za nyumba kuanguka Marekani kuanzia mwaka 2006, mamilioni ya wakopaji walijikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya nyumba zao.

Jambo la mwisho huwa limejificha ndani ya mkataba. Wapo wakopeshaji wanaofunga nyumba zote kwenye rehani moja, hivyo ukikwama kwa moja zote ziko hatarini, na hata kuuza moja kunahitaji ridhaa yao. Omba kila nyumba iwe na rehani yake. Wakikataa, omba iandikwe kabla hujatia sahihi: deni likishuka hadi kiwango gani, hati ipi inarudi mikononi mwako, na ada ya kuifungua ni kiasi gani.