Acheni kuchagua barafuto kwa urefu wa kilele

Septemba ikiingia tu, swali ni lile lile kutoka kwa ndugu zetu wa München, Zürich na Vienna: "Mwalimu wa skii, barafuto ipi (barafu ya kudumu ya mlimani) iko juu kuliko zote, tukodi chumba tukateleze Oktoba?" Safari hii wameuliza hata watu ninaowajua wanateleza vizuri kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, na uvumilivu umenishinda. Zile mita mnazozisoma kwenye tangazo ni za kituo cha juu cha lifti, yaani vyombo vya waya vinavyopandisha watu mlimani. Hazikwambii lolote kuhusu njia utakazoteleza.

Chukueni barafuto ya Hintertux, hapa Tirol, Austria. Lifti zake zinaishia mita 3,250. Pitztal, pia Tirol, wanafika 3,440, na Zermatt kule Uswisi 3,883. Kwa hesabu zenu Hintertux ingeburuta mkia, lakini ndiyo pekee Austria inayofungua mwaka mzima. Miteremko yake imetazama kaskazini, na iko pale mawingu ya kaskazini-magharibi yanapokwama mlimani na kumwaga theluji. Stelvio ya Italia nayo, mita 3,450, inafanya kazi kiangazi hadi vuli, halafu baridi yenyewe ikikolea inafungwa, maana barabara ya kuifikia imefungwa.

Swali la maana ni hili: theluji inaishia wapi kwa chini, na chini yake kuna nini? Juu ya barafu laini, theluji kidogo ikishindiliwa na mashine inatosha kufungua njia. Juu ya mawe unahitaji mara kadhaa zaidi, na Oktoba huwa haijafika. Mwaka 2022 Zermatt na jirani yake Cervinia wa Italia walipanga mbio za Kombe la Dunia la skii kuanzia mita 3,700 na ushee, karibu sawa na kambi ya Horombo pale Kilimanjaro, na kumalizia upande wa Italia karibu mita 2,800. Juu kwenye barafuto theluji ilikuwepo. Sehemu ya chini, iliyokaa juu ya mawe, ilikuwa haina ya kutosha, na mbio zote zikafutwa. Mwaka 2023 theluji ikaja tele, ikaja na upepo, na zote zikafutwa tena. Baada ya hapo waliziondoa kwenye kalenda. Huko juu ndiko upepo unakokaa, na upepo ukivuka kiwango lifti za juu zinasimama, hata kama jua linawaka na umeshalipa tiketi.

Na msidanganywe na mashindano ya skii ya Sölden, hapa Tirol, mnayoyaona kwenye televisheni mwishoni mwa Oktoba. Ule mteremko wa mashindano umemwagiwa maji makusudi ugande kama zege. Mtu wa kawaida asubuhi hiyo anakutana na kitu kingine: theluji ya juu imepeperushwa, ukikwangua kwa ukingo wa skii inatoka barafu ya kijivu yenye vijiwe ndani, na skii inapiga kelele badala ya kushika. Hapo noa kingo za skii zako, urefu wa kilele hautakusaidia.

Timu za mazoezi huchukua njia nzuri asubuhi. Ulizeni mapema zipi zinabaki kwa umma. Kurudi bondeni mtashuka kwa gondola, kibanda kinachoning'inia kwenye waya, si kwa skii. Na anayetoka bondeni Zermatt, mita 1,600, hadi 3,883 chini ya saa moja huenda akaumwa kichwa. Aliyepanda Kibo anaelewa.

Jambo moja vitabu vyetu vya ualimu wa skii hulipita haraka: Agosti hakuna anayeweza kukuchagulia. Dhoruba ya kwanza ikitoka kaskazini, Hintertux na Stubai, barafuto nyingine ya Tirol, zinashiba theluji. Ikipanda kutoka Mediterania, kusini ndiko kunakopata, na sisi huku tunaachiwa upepo mkavu wa joto. Mimi hungoja hadi siku tatu kabla, nikaangalia kamera na orodha ya lifti zilizofunguliwa, ndipo nikaweka nafasi.

Kuhusu nyufa za kwenye barafu sina subira kabisa. Theluji mpya ya vuli hufunika ufa kwa daraja jembamba, na hata waongozaji wazoefu wakichoma fimbo hawapati uhakika kama litabeba mtu. Milingoti ya pembeni ya njia ndiyo mpaka wenu Oktoba yote, na anayetaka kuivuka na aje na mwongozaji, kamba na mkanda wa kujifunga, ama abaki ndani.