Kifaa cha sauti hakimnyamazishi mbwa wa jirani

Wengi huamini kuwa kifaa cha mlio usiosikika na binadamu, ukikielekeza uani kwa jirani, humfunga mbwa mdomo. Kweli mbwa huusikia: masikio yetu hukomea kama hezi 20,000 (yaani mitetemo 20,000 kwa sekunde), ya mbwa hufika takriban 45,000. Filimbi ya mwanasayansi Mwingereza Francis Galton ya mwaka 1876 ilitumia tofauti hiyo hiyo. Lakini kusikia si kutii. Mlio mwembamba kiasi hicho hufifia haraka hewani, na ukuta wa matofali huuzuia karibu wote. Ukimfikia, siku za mwanzo atashtuka, kisha atauzoea. Mwingine ndiyo kwanza atazidisha. Tena mbwa anayefungwa peke yake kutwa hubweka kwa upweke, na kelele haiondoi upweke. Afadhali ukabishe hodi kwa mwenye mbwa, mchana, kabla hasira hazijapanda.