Mayai ya nani mgongoni mwa dume?

Kumpata mdudu huyu lazima upige magoti. Nilimwona mara ya kwanza kusini mwa Hispania, kwenye mmea mdogo unaotambaa chini, Paronychia argentea, ambao maua yake yamezungukwa na vijani vyeupe vikavu kama karatasi. Niliukodolea macho hadi kipande kimoja cha karatasi kikaanza kutembea.

Ni Phyllomorpha laciniata, wa familia ya Coreidae. Ni ndugu wa kunguni wa maboga, na pia wa Pseudotheraptus wayi, yule kunguni anayefyonza nazi changa Zanzibar na pwani yetu. Ana urefu wa sentimita moja hivi, mwili bapa, kingo zimechanikachanika na kujaa miiba. Kwa lenzi nikaona mayai matatu ya rangi ya dhahabu, yamegandamana mgongoni. Aliyeyabeba alikuwa dume.

Jike hutaga yai mojamoja, na mgongo wake mwenyewe haufikii. Basi hulibandika kwa mwenzake, awe dume au jike. Hutaga kwenye mmea pia, lakini huko sisimizi huyabeba mayai, na kinyigu Gryon bolivari hutaga mayai yake ndani ya hayo. Yanayopona ni machache mno. (Kwetu mambo ni kinyume: maji moto, wale chungu wakali wa mitini, ndio wanaozilinda nazi dhidi ya yule kunguni wa nazi.)

Watu wakisikia haya husema, kumbe baba mlezi! Mimi sikubali. Jike hupandwa na madume kadhaa, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kuwa mengi ya mayai anayobeba dume si yake. Jike anayebeba ndiye hana lake kabisa: yote ni ya mwingine. Tangu Arja Kaitala wa Finland alipoandika juu ya utagaji huu mwaka 1996, watafiti wamebishana kwa nini dume hukubali. Mimi naangalia wakati wa kupandana. Wawili hushikana kwa saa nyingi, hawana pa kukimbilia. Jike mwingine huja taratibu, anabandika yai, anaondoka. Dume akitaka kuukwepa mzigo ule, itabidi awakwepe majike.

Mtoto akianguliwa hushuka na kwenda zake kwenye mmea. Aliyembeba hamfuati.