Chui amekanyaga nini?

Uchoraji niliuingia kwa kujaza rangi. Fundi alichora umbo la tembo, mimi nikapaka rangi ya nyuma, tukaacha ubao ukauke. Ndivyo ilivyokuwa tangu Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kukalisha vijana kando yake, wengi wao ndugu zake. Alifariki 1972. Soko la picha zetu la Oysterbay, mtaa wa Dar es Salaam, likabaki, na mwaka 1990 wachoraji wakawa na ushirika wao.

Hata kipimo chetu kilitoka dukani. Hadibodi, ile ya kupigia dari, ni futi 4 kwa 8. Ikate futi mbilimbili, unapata picha nane bila kutupa kipande. Baadaye picha zikawa ndogo zaidi, maana mgeni lazima aingize picha kwenye begi. Kwa miaka mingi nilichora nikifikiria begi la mtu.

Nilipoanza kuratibu maonyesho ya mtaani, uani kwa watu na kwenye vibaraza, nilidhani ni suala la misumari na kamba. Ya kwanza niliyaharibu mwenyewe. Rangi yetu ni ya mafuta, ya kupakia mageti na baiskeli, inang'aa kama kioo. Nami nikatundika picha zote kwenye ukuta unaotazama magharibi. Kufika saa kumi jioni hakuna aliyeona twiga wala pundamilia, ni mng'ao mtupu. Siku hizi natafuta kivuli, na nyuma ya kila picha, upande wa juu, naweka kipande cha mbao ili uso uinamie chini kidogo. Makumbusho hupenda katikati ya picha iwe kama mita 1.5 kutoka sakafuni. Mimi nashusha hadi 1.2, kwa sababu wanaofika kwanza ni watoto wanaotoka shule.

Maelezo marefu ya ukutani nayo nimeacha. Watu wanataka kumuuliza mchoraji.

Bibi mmoja alisimama mbele ya chui wangu, aliyechorwa kizamani: mnyama mmoja, nyuma rangi tupu.

"Mwanangu, huyu amekanyaga nini?"

Nikamwambia wazee ndivyo walivyochora.

"Sawa. Lakini ataanguka."

Miaka yote ya kuuza Oysterbay hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wiki iliyofuata nilimchorea chui tope la kukanyaga. Bibi hakurudi, walikuja wajukuu zake, wakasema tope ni jeusi mno.