Mlembe na nyegere: je, ni washirika wa asali?

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba mlembe, ndege mwenye uzito wa takriban gramu 50, humwongoza nyegere hadi penye nyuki, nyegere akapasua mzinga kwa kucha zake, kisha wakala pamoja. Simulizi hili linapendeza, lakini ushahidi wake ni haba. Mlembe hutafuta nyuki mchana, ilhali nyegere mara nyingi huzunguka usiku, na kuona na kusikia kwake hakusifiwi sana. Mshirika wa mlembe aliyethibitika ni binadamu: utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu warina asali wa Kiborana wa kaskazini mwa Kenya ulionyesha kuwa muda wa kutafuta nyuki ulipungua kutoka wastani wa saa 8.9 hadi saa 3.2 ndege huyo alipowaongoza. Hata hivyo, nisingethubutu kukanusha moja kwa moja, kwa kuwa warina asali wa jamii mbalimbali za Afrika walipohojiwa katika utafiti wa mwaka 2023, wengi walitilia shaka habari hiyo, lakini Wahadzabe wengi wa Tanzania walisema wamewaona wawili hao pamoja.

Wengine hudhani kwamba wote wawili huishi kwa asali. Mlembe hufuata hasa nta, ambayo ndege wachache sana huweza kuimeng'enya, pamoja na majana ya nyuki. Nyegere naye huyapenda majana hayo, ila chakula chake cha kila siku ni panya, nyoka, nge na wadudu.

Yasemwayo kuhusu ngozi ya nyegere pia hutiwa chumvi. Ni nene na imelegea, hivyo humkinga sana, lakini nyuki wakali wakimzidi humuua papo hapo mzingani.

Imani nyingine ni kwamba mrina asali asiyemwachia mlembe fungu lake, siku nyingine atapelekwa kwa chui au nyoka. Hakuna ushahidi kwamba ndege huyu hulipiza kisasi. Isitoshe, watafiti wamewashuhudia Wahadzabe wakikusanya nta, wakiificha au kuichoma ili mlembe abaki na njaa, aendelee kuwaita na kuwaongoza hadi kwenye mti mwingine wenye nyuki.